Spika za Mlango wa Gari: Debe Tupu Haliachi Kuvuma



Juma hili mazungumzo yetu yahusu kitu ambacho labda hamkukitazamia katika ukurasa wa jamaa: spika za gari, yaani vile vipaza sauti vilivyofichwa ndani ya milango, ambavyo watu wengi wa Bukavu huviita bafle. Mtu aweza kuuliza: Je, jambo hili lina faida gani kwa baba na mama Wakristo, au kwa mwanafunzi asiye na gari? Na asome kwanza, ndipo ahukumu. Kwa maana katika kutafuta spika mbili tu, baba mmoja wa Kadutu alikaribia kupoteza malipo ya shule ya binti yake, kisha akagundua kwamba alikuwa amekwisha kupoteza kitu cha thamani kubwa kuliko fedha.

Baba huyo ni dereva wa taksi. Gari lake ni Toyota Corolla iliyotumika Japani miaka mingi kabla ya kufika kwetu. Usukani wake uko upande wa kuume, kama magari mengi yatokayo kule, ingawa katika Kongo twaendesha kwa kushika upande huo huo wa kuume wa njia. Kutwa huchukua watu toka Kadutu hadi Nyawera, na toka Nyawera hadi Panzi, akipanda na kushuka vilima vya mji wetu, kioo cha mlango wake kikiwa wazi na redio ikilia.

Shida yake ilikuwa hivi. Spika ya mlango wa kushoto ilikwaruza kama kuku aparuaye bati. Ile ya kuume, iliyo karibu na goti lake mwenyewe, haikukwaruza, lakini aliiona imefifia, hata ikambidi kuongeza sauti kidogo kila mwezi. Kijana wake, amsaidiaye kazini, akamwambia: “Baba, tununue zile kubwa tulizoziona dukani. Zimeandikwa wati 600. Watu watatujua tangu mbali.”

Bei ya spika hizo ilikaribia malipo ya shule ya muhula mmoja ya binti yao aliye sekondari. Mwaka 2019 serikali ilitangaza kwamba elimu ya msingi katika shule za umma ni bure, na wazazi wengi walishukuru. Lakini sekondari bado ni mzigo juu ya mabega yao. Mama wa nyumba alikuwa amezitunza fedha hizo ndani ya bahasha. Hakugomba. Aliiweka bahasha mezani akasema: “Baba, wewe ndiwe uliyezitafuta. Lakini uliza kwanza.” Ndipo alipokuja kuuliza. Na yale tuliyomjibu tunayaandika hapa, kwa sababu wako wengi wenye swali kama lake.

KWANZA APIMWE MGONJWA

Tabibu mwema hatoi dawa kabla ya kumpima mgonjwa. Vivyo hivyo haifai kununua spika mpya kabla ya kujua kama ile ya zamani imekufa kweli.

Angalia redio yenyewe kwanza. Redio za magari ya Japani zimetengenezwa kupokea vituo vya FM kati ya megahezi 76 na 90, na zile za miaka ya karibuni hadi 95, maana ndivyo nchi ile ilivyojipangia. Kwetu vituo hivyo viko kati ya 87.5 na 108. Kwa hiyo redio ya namna hiyo haiwezi peke yake kufikia vituo vyetu vingi, na mafundi hutia kisanduku kidogo cha kuyashusha mawimbi ili iyasikie. Kisanduku kikiwa hafifu, sauti huja na mvumo, au vituo viwili huchanganyika. Mtu anayetaka kusikiliza Radio Maendeleo, iliyoanzishwa mjini mwetu mwaka 1993, au Radio Okapi, iliyoanza mwaka 2002, hulaumu spika, kumbe kosa ni la kisanduku. Dawa ya shaka ni nyepesi: cheza wimbo toka katika simu au flashi. Wimbo ukiwa safi na redio ikivuma, spika haina hatia.

Pili, tazama waya. Waya wa spika hupita penye bawaba za mlango. Mlango wa taksi hufunguliwa na kufungwa mara nyingi sana kila siku, na shaba iliyo ndani ya ganda la waya hukatika bila mtu kuiona. Ukiona sauti yakatika na kurudi mlango unapotikiswa, usinunue kitu, tengeneza waya.

Tatu, geuza kitufe kile kinachopeleka sauti yote upande mmoja, kisha upande wa pili. Hapo utajua ni spika ipi hasa inayokwaruza, kwa maana sikio hudanganyika kwa urahisi ndani ya gari.

Nne, fungua kifuniko cha mlango, utoe spika, uitazame kwa macho. Isukume polepole kwa ncha za vidole vya mikono miwili. Ikisuguana ndani kama mchanga, koili yake imeungua au imepinda. Kisha chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, uguse nayo nyaya mbili za spika kwa nukta moja tu. Spika iliyo hai itaruka kidogo na kulia “tak.” Ikikaa kimya, koili imekatika. Fundi mwenye kipimo cha umeme ataona katika spika ya omu 4 namba iliyo kati ya 3 na 4 hivi. Akiona kwamba njia imefungwa kabisa, mgonjwa amekufa.

Dereva wetu alifanya hayo yote pamoja na kijana wake na fundi mmoja wa jirani. Spika ya kushoto walikuta ukingo wake wa sponji umebomoka kama mkate mkavu. Lakini ile ya kuume haikuwa na dosari yoyote. Betri iliirusha vizuri, kipimo kilikuwa sawa, waya mzima. Fundi akatikisa kichwa, akasema: “Baba, hii yalia kama ilivyotoka kiwandani.” Neno hilo tulishike, tutalirudia.

SPIKA HUFANYAJE KAZI?

Kabla ya kuchagua yafaa tujue kidogo chombo chenyewe. Nyuma ya spika kuna sumaku nzito. Katikati ya sumaku huingia koili, yaani waya mwembamba uliozungushwa mara nyingi, na koili hiyo imegandishwa kwenye utando wa karatasi au plastiki wenye umbo la bakuli. Umeme wa redio unapopita katika koili, sumaku huivuta na kuisukuma. Utando nao huenda na kurudi, ukiusukuma upepo. Na upepo huo ukifika sikioni, ndio sauti.

Spika ya namna hiyo ilielezwa mwaka 1925 na Waamerika wawili, Chester Rice na Edward Kellogg, nayo haijabadilika sana katika asili yake. Mwaka 1930 Paul Galvin na wenzake walianza kuuza huko Marekani redio ya gari waliyoiita Motorola. Na mwaka uliofuata, tarehe 12 Februari 1931, Papa Pio XI alisema na dunia kwa mara ya kwanza kwa Redio ya Vatikano, iliyojengwa na Marconi. Sauti ya Baba Mtakatifu ilifika mbali, si kwa sababu alipiga kelele, bali kwa sababu chombo kilikuwa chema na maneno yalikuwa wazi. Shikeni mfano huo, maana ndio ufunguo wa mambo yote yafuatayo: spika njema ni ile inayokuletea maneno wazi kwa sauti ndogo.

MAMBO MATANO YA KUANGALIA DUKANI

La kwanza ni kipimo. Usiende dukani na kumbukumbu. Nenda na rula. Pima upana wa tundu la mlangoni, nafasi ya misumari, na zaidi ya yote kina chake, kioo kikiwa kimeshushwa hadi chini. Wengi wamefunga spika nzuri, kisha siku ya mvua ya kwanza wakashusha kioo, nacho kikagonga sumaku. Katika magari mengi utakuta spika ya mviringo ya sentimeta 16 hadi 17, ambayo wauzaji huiita ya inchi 6 na nusu. Katika Toyota kadhaa utakuta iliyo kama yai, ya inchi 6 kwa 9. Hata hivyo pima gari lako mwenyewe, usipime la jirani. Kama spika mpya haikai sawasawa, fundi aweza kukata duara la plastiki au la plaiwudi liwe daraja kati yake na mlango; lakini plaiwudi ipakwe rangi pande zote, la sivyo itakunywa maji na kuoza.

La pili ni omu. Namba hii huonyesha jinsi spika inavyouzuia umeme. Redio nyingi za magari zataka spika ya omu 4. Tazama nyuma ya ile ya zamani, uitoe nyingine ya namba ile ile. Usikubali fundi akuunganishie spika mbili za omu 4 kwa pamoja kwenye njia moja ya redio, maana zikifungwa sambamba huwa omu 2, redio hulazimishwa kutoa umeme kupita nguvu zake, nayo hupata joto na kufa. Hapo utakuwa umenunua spika kwa kuua redio.

La tatu ni wati, na hapa ndipo wanunuzi wengi wanapotegwa. Namba kubwa iliyoandikwa nje ya sanduku kwa rangi nyekundu, pamoja na neno “max,” ni nguvu ambayo spika yaweza kuvumilia kwa kitambo kifupi sana, au ambayo muuzaji angependa uamini kwamba yaweza kuivumilia. Namba ya kweli huandikwa kwa herufi ndogo, karibu na herufi RMS. Hiyo ndiyo nguvu ya mfululizo. Tena fahamuni vizuri: spika haina nguvu yake yenyewe. Hutumia tu ile iliyopewa na redio. Redio ya kawaida ya gari, hata ikiandikwa 50 mara 4 usoni pake, hutoa kwa mfululizo kama wati 15 hadi 20 kwa kila spika. Basi anayefunga spika ya wati 600 kwenye redio hiyo ni kama mtu anunuaye pipa la lita 600 kwa kisima kinachotoa ndoo moja kwa siku. Pipa ni kubwa kweli, lakini maji ni yale yale.

La nne ni wepesi wa spika kuitikia, ambao huandikwa kwa desibeli. Watu wachache huisoma namba hii, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote. Huonyesha spika yalia kwa sauti gani inapopewa wati moja tu, mtu akiwa mbali nayo meta moja. Kila desibeli 3 zinazoongezeka ni sawa na kuizidisha nguvu mara mbili. Chukueni spika mbili: moja ina desibeli 87, ya pili ina 93. Tofauti yao ni 6, yaani mara mbili ya mara mbili, ndiyo mara 4. Kwa hiyo ya pili ikipewa wati 15 italia sawa na ya kwanza ikipewa wati 60. Wanafunzi, hesabu hiyo si ya ubaoni tu. Ni hesabu ya kuokoa fedha za nyumbani. Mwenye redio ndogo na atafute desibeli nyingi, aache wati nyingi.

La tano ni vitu ilivyotengenezwa. Mji wetu una mvua toka mwezi wa Septemba hadi Mei, na maji huteremka kwenye kioo yakaingia ndani ya mlango. Ndivyo milango ilivyo, na ndiyo maana ina matundu ya kutolea maji huko chini. Karatasi ina sauti nzuri na ya asili, lakini ikilowa mara kwa mara huvimba na kulegea, isipokuwa imepakwa dawa ya kuikinga. Plastiki huvumilia maji vizuri zaidi. Ukingo wa mpira hudumu kuliko wa sponji, ambao hukauka na kubomoka kwa miaka, kama ulivyobomoka ule wa dereva wetu. Kisha katika kiangazi huja vumbi la njia zisizo na lami. Ukingo wa mpira hulistahimili hilo pia.

Kuna na swali la spika moja au mbili kila mlango. Spika zenye kijispika cha sauti nyembamba kilichowekwa katikati ya kile kikubwa hutosha kabisa kwa gari la kazi: ni rahisi kuzifunga, na maneno huwa wazi. Zile zinazouzwa vipande mbalimbali huweza kutoa muziki mzuri zaidi, lakini zataka fundi hodari na matundu mapya mlangoni. Mwenye jamaa na asione haya kuchagua zile za kwanza.

Na jihadharini na bandia. Ishike spika mkononi: sumaku nyepesi sana ni ishara mbaya. Soma jina herufi kwa herufi. Waigaji hubadilisha herufi moja. Tazama kama kuna karatasi yenye vipimo vya RMS, omu na desibeli. Muuzaji mwaminifu hatakataa kuzijaribu spika mbele yako kwa redio iliyo dukani, tena kwa sauti ndogo. Omba isikike habari iliyosomwa na mtu, si ngoma peke yake. Maana ngoma huficha makosa mengi, lakini sauti ya mtu haifichi kitu. Nunua mbili za namna moja, usichanganye mpya na ya zamani, kwa kuwa milango miwili yapaswa kusema kwa ulimi mmoja.

KUFUNGA NI NUSU YA KAZI

Spika nzuri iliyofungwa vibaya ni kama mbegu njema mwambani. Kwanza tengua waya wa betri ya gari. Kisha angalia ile karatasi ya plastiki iliyogandishwa ndani ya mlango. Mafundi wenye haraka huichana na kuitupa. Baadaye mwenye gari hushangaa kuona maji sakafuni. Irudishwe mahali pake, igandishwe vizuri. Matundu ya chini ya mlango yasizibwe kamwe. Juu ya sumaku wekeni kipande cha mpira kama ukingo wa paa, kiyapeleke matone pembeni.

Kati ya spika na mlango tieni utepe wa sponji kuzunguka, pasibaki upenyo. Sababu yake ni hii: utando unaposukuma upepo mbele, huuvuta nyuma kwa wakati ule ule. Pakiwa na upenyo, upepo wa mbele na wa nyuma hukutana na kuuana, na sauti nene hupotea. Watu wengi hudai sauti nene ni ya spika kubwa, kumbe ilikuwa ikivujia penye upenyo wa kidole kimoja.

Mwisho, alama za kujumlisha na kutoa zifuatwe. Kujumlisha kwa kujumlisha, kutoa kwa kutoa, milango yote miwili. Ukigeuza upande mmoja, spika moja itasukuma wakati nyingine inavuta, kama watu wawili wenye msumeno mmoja wasiopatana. Ile betri ya tochi yaweza kusaidia tena: ncha ya kujumlisha ikigusa penye kujumlisha, utando hutoka nje; ukirudi ndani, alama ni kinyume. Na nyaya zisisokotwe tu kwa vidole. Ziunganishwe kwa risasi au kwa viunganishi vyake, kisha zifunikwe, kwa sababu mashimo ya njia zetu hulegeza kila kitu kisichofungwa kwa bidii.

SIKIO HALINA DUKA

Sasa turudi kwa dereva wetu na spika yake ya kuume. Fundi alisema ni nzima. Yeye akashikilia kwamba imefifia. Binti yake, ambaye ndiye aliyehusika na ile bahasha, alikuwa amesimama karibu akisikiliza. Akasema: “Baba, nipe nafasi nikae mahali pako.” Akaketi penye usukani, sauti ikafunguliwa kidogo, kitufe kikapelekwa kuume, kisha kushoto. Akasema: “Ya kuume nasikia vizuri kabisa.” Kijana naye akaketi, akasema vivyo hivyo. Kisha binti akamwomba baba yake ageuze kiti, yaani akae mahali pa abiria, sikio la kushoto likielekea spika ile ile. Alipofanya hivyo, akanyamaza kwa muda. Spika iliyofifia ilikuwa imepona ghafula.

Msomaji amekwisha fahamu. Lililofifia halikuwa spika, bali sikio lake la kuume.

Hapo akakumbuka jambo alilokuwa amelisahau kwa makusudi. Miezi michache nyuma mama mmoja mwenye mtoto mgonjwa alipanda taksi yake kwenda hospitali ya Panzi. Walipofika, mama alimwomba asimame. Akaomba mara ya pili. Akaomba mara ya tatu, akipiga kiti kwa mkono, na gari likiwa limeshavuka lango. Yeye alidhani mama yule alikuwa akibishana juu ya nauli. “Nilimkasirikia,” alituambia, “naye alikuwa akiniomba tu nisimame.”

Alikwenda kwa daktari. Aliambiwa kwamba sehemu ya usikivu iliyopotea kwa kelele haitarudi, na kwamba yaliyobaki yaweza kulindwa. Ndani kabisa ya sikio mna vinyweleo vidogo visivyoonekana kwa macho, vinavyopokea mtikisiko wa sauti. Kelele kubwa huvichosha, kisha huviua. Na kwa mwanadamu vikifa havioti tena. Shirika la Afya Duniani hushauri kwamba mtu asisikilize sauti ya desibeli 80 zaidi ya saa 40 kwa juma. Ikifika desibeli 90, zimebaki saa 4 tu kwa juma zima. Dereva wa taksi huketi ndani ya gari lake saa nyingi kuliko hizo, na juu ya redio kuna kelele ya injini, honi, na pikipiki zipitazo kando ya kioo chake kilicho wazi.

Spika ikipasuka twanunua nyingine. Sikio likifa, hakuna duka lake, si Nyawera wala ng'ambo. Na dereva asiyesikia ni hatari kwa watoto wa shule wavukao njia, na kwa mwenye pikipiki apigaye honi nyuma yake kwenye mteremko.

KIJANA NAYE ANA NENO

Tusimhukumu kijana wake haraka. Alisema: “Baba, taksi isiyo na muziki vijana hawaipandi.” Katika neno hilo kuna kweli kidogo. Muziki si dhambi. Mungu ametupa koo za kuimba na miguu ya kucheza, na safari ya jua kali huwa fupi penye wimbo mzuri. Mtaguso wa Vatikano II, katika hati yake ya tarehe 4 Desemba 1963 juu ya vyombo vya upashanaji habari, ulisema wazi kwamba vyombo hivi vyaweza kuwafaa wanadamu sana vikitumiwa vema. Kanisa halichukii redio wala spika.

Lakini ndani ya taksi si vijana tu. Mna mzee arudiye toka mazishi. Mna mama mwenye mtoto mwenye homa. Mna mwanafunzi anayerudia somo lake kabla ya mtihani. Hao wote wamelipa nauli sawa. Na nje ya taksi kuna shule, kuna kanisa watu wakiwa katika Misa, kuna nyumba yenye matanga. Anayepita hapo akitikisa vioo kwa sauti ya spika zake awaambia wote: furaha yangu ni kubwa kuliko haki yenu. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma. Lililojaa nafaka huchukuliwa kichwani kimya kimya, nalo ndilo linalolisha nyumba.

Tukamwuliza kijana: “Mwanangu, wataka watu wakujue tangu mbali kwa sababu gani?” Akacheka, hakujibu. Lakini ndiye aliyezifunga spika mpya kwa mikono yake, fundi akimwongoza, na amejifunza kazi ambayo sasa majirani wawili wamekuja kumwomba awafanyie.

MWISHO WA BAHASHA

Basi bahasha ilitumikaje? Malipo ya shule ya binti yalilipwa kwanza. Hakukuwa na mabishano tena juu ya hilo. Kisha kwa akiba ya majuma kadhaa ya kazi, baba alinunua spika mbili za kawaida za omu 4, zenye ukingo wa mpira, desibeli 91, bila namba nyekundu za kutisha. Zilizobaki zilimlipa daktari. Na kijana aliweka alama ndogo ya rangi nyeupe kando ya kitufe cha sauti: hapo ndipo mwisho, hata kama wimbo ni mzuri namna gani.

Sasa, anasema, abiria akisema “simama,” anasimama. Sikio la kuume halikurudi. Lakini la kushoto lafanya kazi ya mawili, naye amejifunza kugeuza kichwa mtu anaposema naye, jambo ambalo, asema mkewe, lingefaa hata alipokuwa na masikio yote mazima.

Wapenzi wazazi, na ninyi vijana, nabii Eliya alipokuwa mlimani alipitiwa na upepo wa nguvu, na tetemeko, na moto. Naye hakumkuta Bwana katika hayo. Alimkuta katika sauti ndogo, ya upole. Mwenye kutafuta spika kwa ajili ya gari lake, na hata kwa nyumba yake, na atafute ile itakayomruhusu kuisikia sauti ndogo: habari iliyosomwa wazi, wimbo usiopasuka, na neno la mtu aliyeketi nyuma yake akimwomba asimame.

Hadi juma lijalo, Mungu azilinde safari zenu.